Mkomamanga Kwenye Kona ya Wakubwa

Mwanangu Dongsik ni mtu mzuri. Nalisema mapema kwa sababu nitakayoyaeleza hapa yatawafanya mumwone hana akili. Ananipigia simu kila jioni, pombe hanywi ya kulewa, na mkewe Yeonju hana la kumlalamikia. Lakini tangu nilipoteleza uani mwezi wa kumi nikavunjika kifundo cha mkono, alikuwa na wimbo mmoja tu, mji wa Wonju. Mama, njoo ukae nasi Wonju. Mama, ghorofa yetu ina chumba kitupu. Mama, lifti inafika mpaka karibu na mlango.

Na nilipoteleza nilikuwa nimebeba chungu cha maua. Hapo ndipo aliponikamatia.

"Mama, mtu asiyeweza kubeba chungu chake ataishije peke yake mlimani?" aliniuliza siku ya kutia kimchi, ile kabichi ya pilipili ya kuliwa baridi nzima, mbele ya watu, sote tumechutama uani na mikono imejaa pilipili mpaka kwenye viwiko. "Theluji ikishuka nani atakufagilia njia?"

"Utanifagilia kwa huo ulimi wako," nikamwambia. "Naona haupumziki."

Mama wa Yeongwol alicheka mpaka kabichi ikamponyoka. Huyu ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta tu. Kijijini kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikozaliwa, basi yeye ni Mama wa Yeongwol na mimi ni Mama wa Goheung, ijapokuwa Goheung, kule chini kusini baharini, niliondoka bado nywele zangu ni nyeusi zote.

Dongsik hakucheka. Alijifuta mikono, akatazama chini, akasema taratibu kwamba amekwisha ongea na mtu mmoja wa mjini anayetafuta nyumba za kijijini za kupangisha wageni wa kiangazi.

Niliweka kisu chini. "Umeongea na nani?"

"Kuongea tu, Mama. Hatujakubaliana lolote."

"Kuhusu nyumba ipi?"

Yeonju akawa anapanga kabichi kwenye beseni kana kwamba yuko peke yake duniani. Nyumba ile nimeitandika sakafu, nimeipaka udongo, nimemuuguza na kumzika mume kutoka humo. Sitaki kuondoka. Sikutaka siku ile na sitaki leo, na hakuna sababu ya kulizungusha.

"Haya, sikiliza," nikamwambia. "Shida yako ni vyungu, siyo? Basi tupimane kwa vyungu. Vyungu vyangu vyote vikivuka baridi hii vikiwa hai, hutafungua kinywa chako tena kuhusu Wonju wala kuhusu huyo mtu wako. Kimoja tu kikifa, nafunga mizigo mwenyewe na nakuja kupanda hiyo lifti yako."

"Vyote?" akauliza Dongsik. "Hata mkomamanga?"

"Hasa mkomamanga."

Alinyoosha mkono wake wenye pilipili, nami nikampa wangu ule mzima. Mama wa Yeongwol akawa shahidi, akasema yeye hataki rushwa isipokuwa ikiwa kubwa.

Mnaweza kuuliza kwa nini aliutaja mkomamanga. Mitini yangu, mawaridi na mzabibu si wagumu sana, ukiwafunika kwa akili wanakubali. Mkomamanga si mti wa milima hii. Ni kijiti alichonipa mama yangu siku naolewa, amekizungushia kitambaa kibichi, nikakipakata kwenye basi mpaka huku juu. Kila mtu aliniambia hakitamaliza mwaka. Waliniambia hivyohivyo na kuhusu mimi mwenyewe, maana nilikuwa natetemeka na blanketi mwezi wa tano. Sasa mti unanipita kimo, shina lake nene kama paja la mtoto, na umo kwenye lile beseni kubwa jekundu la mpira, la kuoshea kabichi, tulilolitoboa chini.

Miaka yote ulikuwa unalala zizini na ng'ombe. Pumzi ya ng'ombe inatosha kabisa. Maji ya kwenye ndoo yanaganda juu tu, chini hayagandi, na mti hautaki zaidi ya hapo. Lakini nilipovunjika mkono ng'ombe aliuzwa, kwa kuwa sikuweza kumlisha. Zizi bila ng'ombe ni friza. Dongsik alilijua hilo vizuri alipokuwa ananipa mkono, na ndiyo maana aliutoa haraka.

Alichosahau ni shimo. Nyuma ya nyumba lipo shimo ambalo marehemu baba yake alilichimba la kufukia mitungi ya kimchi, refu la kumfika mtu kifuani. Tangu Yeonju aninunulie friji ya kimchi limekaa bure, linajaa majani. Ardhi haigandi mpaka kule chini. Kama kimchi ilikaa humo baridi nzima bila kupasua mtungi, mti nao utakaa.

Sikuwa na haraka. Watu wengi wanaua mimea kwa haraka, wanaiona baridi ya kwanza wanaanza kukimbiakimbia na mablanketi. Mti lazima uonje baridi kidogo ndipo ukubali kulala. Niliacha kuunywesha maji, nikauacha umwage majani yote nje, usiku kadhaa ukaamka na umande mweupe wa barafu kwenye matawi. Wakati huo mimi nilikuwa nachimba. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa mzima, basi nikajifunza uchimbaji wa mkono wa kushoto. Upande mmoja wa shimo niliubomoa ukawa mteremko.

"Unajichimbia kaburi?" Mama wa Yeongwol aliniuliza, kichwa chake juu ya ukuta.

"Nachimba lako. Njoo nikupime urefu."

Alikuja, tena na kamba. Tuliulaza mkomamanga ubavu juu ya magunia ya plastiki ya chakula cha ng'ombe, mimi nikajifunga kamba kiunoni nikavuta, yeye akasukuma kwa makalio, anatukana njia nzima. Kuanzia uani mpaka shimoni ni hatua chache tu, lakini ilituchukua asubuhi yote. Katikati nilikaa chini nikafikiri sitaweza. Kifundo kilikuwa kinanipiga kama jino bovu. Mama wa Yeongwol akanitazama, akasema, "Basi tumpigie Dongsik aje na lifti yake." Nikasimama.

Tuliuteremsha hivyohivyo umelala, na vile vyungu vingine tukavipanga kuuzunguka. Chini nyasi kavu za mpunga, juu yake tena nyasi, halafu mfarishi wa zamani, mbao, na udongo juu ya mbao. Kwenye pembe moja nilisimamisha tita la nyasi ili shimo lipumue, maana mti ukifungiwa kabisa unaota ukungu. Mchana wa jua nilikuwa nafunua ubao mmoja, naingiza mkono, nagusa udongo. Baridi, lakini haujaganda. Nikafunika. Kila jioni Dongsik alipiga simu, "Mama, umekula?" nami nikamjibu, "Nimekula, na wao wamelala."

Mwezi wa kwanza ndipo redio ilipotangaza nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri. Mwenyekiti wa kijiji akatukusanya wazee wote kwenye ukumbi, tulale pamoja mpaka ipite, boila moja la kupasha sakafu joto badala ya kila mtu lake. Niliongeza nyasi na udongo juu ya shimo, nikazima boila langu ila kidogo tu ili mabomba yasipasuke, nikaenda. Simu niliisahau ukutani inachaji.

Siku ya pili Dongsik akaingia ukumbini na barafu kwenye nyusi, mfuko wa machungwa mkononi. Amepiga simu haipokelewi, ameendesha gari kutoka Wonju kwenye barafu. Alinikuta nimekaa na karata, nimemla Mama wa Yeongwol sahani nzima ya njugu.

"Mama, nilidhani umekufa!"

"Subiri nimalize mkono huu."

Alikaa kidogo, akanimenyea chungwa. Akaniambia amepita nyumbani na kila kitu kiko salama. Alikuwa anatabasamu kichinichini, kama zamani alipokuwa ameficha samaki kwenye kofia yake. Mimi nikadhani ni furaha ya kuniona mzima. Kisha akaondoka kabla barabara haijafungwa.

Baridi ilipolegea nilirudi nyumbani. Nilifungua mlango wa chumba, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali.

Mkomamanga ulikuwa chumbani. Ulikuwa kwenye kona ya wakubwa, pale moto wa chini ya sakafu unapopita kwanza, mahali ambapo katika nyumba zetu huketi mzee wa nyumba au mgeni wa heshima, na mtoto akipakalia anavutwa sikio. Beseni limekaa moja kwa moja juu ya sakafu. Na umefunikwa mfarishi wangu wa hariri wa arusi, ule ambao sijamfunika hata mkwe! Boila lilikuwa limepandishwa mpaka mwisho. Niliweka kiganja sakafuni nikakiondoa kwa haraka.

Nilifunua mfarishi. Kwenye kila tawi kulikuwa na machipukizi mekundu, membamba, marefu. Katikati ya baridi.

Niliketi pale pale na koti langu, nikalia. Siwafichi. Kisha nikampigia.

"Mama! Umeuona?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilishindwa kuuacha shimoni, Mama. Nyuzi ishirini! Vile vingine nimevifunika vizuri zaidi, lakini huo nikasema hapana, huo wa bibi nitaupa kona ya wakubwa. Umechipua?"

"Umechipua."

"Si unaona! Mwezi wa kwanza!"

"Dongsik," nikasema, "wewe ni mjinga." Nikakata simu. Hasira ilikuwa imenishika, na hata hivyo nilikuwa nimekwisha elewa jambo moja lililonichoma zaidi ya hasira. Angeuacha ufe, angeshinda. Alikuja kwenye barafu kunisaidia nimshinde yeye.

Sikuwa na muda wa kulitafakari. Mti ulioamshwa huwezi kuurudisha shimoni, machipukizi yataganda na shina litafuata. Wala huwezi kuuacha kwenye moto. Nilizima boila, nikampigia kelele Mama wa Yeongwol, tukauburuta mpaka ile stoo ya mchele, chumba kisicho na moto chini lakini kina dirisha. Nikauinua juu ya matofali. Nikakata machipukizi karibu yote ili usitumie nguvu usizo nazo. Halafu nikaingiza vidole kwenye udongo, chini kabisa, pembeni ya beseni. Mizizi niliyoishika ilikuwa laini na kahawia, ngozi inabambuka. Ilikuwa imechemka kama mboga.

"Imeiva?" Mama wa Yeongwol akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Ya chini yote."

"Ya juu je?"

"Sijui."

Niliikata iliyooza, nikaweka udongo mpya. Nililala stoo na mti ule kwa baridi yote iliyobaki, ndani ya makoti mawili, kwa sababu chumba kikipata barafu nilitaka niwe wa kwanza kujua. Jioni nikiona maji ya ndoo niliyoiweka humo yanaanza kushika ngozi ya barafu, naleta taa ya mafuta. Asubuhi jua likiingia, nafungua dirisha usije ukadhani ni masika. Mama wa Yeongwol alisema nimerukwa na akili. Nilimwambia akili ninayo, ila iko stoo. Vichipukizi vilivyobaki vilisimama wiki mbili hivi, kisha vikainama, kisha vikakauka. Nilivikata. Nikaendelea. Dongsik alipopiga simu akauliza mti unaendeleaje, nilimjibu, "Utaona masika."

Masika yalikuja kwa matope kama kawaida. Nilifunua shimo. Mitini ilikuwa na vichwa vya kijani kwenye ncha, mawaridi yamevimba macho, mzabibu nilipoukwaruza ulitoa maji. Wote wazima, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mkomamanga niliukwaruza ganda kwa ukucha kuanzia juu. Kahawia. Nikashuka. Kahawia. Nikafika mpaka kwenye udongo, nikachimba kwa kidole, nikakwaruza tena. Kahawia.

Nilirudia kila asubuhi mpaka shina likawa na makovu. Mikomamanga ya watu huchelewa kuamka, nilijiambia. Wangu haukuwa unachelewa.

Dongsik na Yeonju walifika Jumapili moja ya mwezi wa nne. Nilikuwa nimevipanga vyungu uani, vile vilivyopona upande mmoja na mkomamanga peke yake upande wa pili. Pale mlangoni niliweka begi langu. Nguo za ndani, dawa, picha ya mume wangu. Nilikuwa nimevaa koti.

Dongsik alitazama vyungu, akatazama begi. "Mama, hili ni nini?"

"Nilisema vyote. Mmoja umekufa. Neno langu ni neno langu. Fungua gari."

Alikwenda kwenye mkomamanga. Alishika tawi, likavunjika kwa sauti kavu. "Ulichipua," akasema. "Uliniambia ulichipua."

"Uliamshwa ukachipua. Chini sakafu ilikuwa inaipika mizizi. Ulikuwa unachipua na huku unakufa."

Yeonju akafunika mdomo kwa mkono. Dongsik alisimama na kile kitawi, mtu mzima mwenye mvi, na midomo ikaanza kumtetemeka vilevile kama alipokuwa na miaka mitano. "Basi haihesabiki," akasema. "Nimeua mimi. Mama, mimi ndiye nimeuua. Nilitaka uwe mahali pazuri. Nilitaka uwe na joto!"

"Najua."

"Sasa ningefanya nini? Niuache shimoni, nyuzi ishirini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumpa hotuba. Nilikuwa nimeipanga miezi mitatu kule stoo, ina matusi ya kutosha. Lakini nilimwona alivyokikamata kile kijiti, hotuba yote ikaniishia.

"Nilikuwa ukumbini, mwanangu," nikamwambia. "Ulikuja. Ulikaa mbele yangu ukanimenyea chungwa. Ungeniuliza."

Kichwa cha Mama wa Yeongwol kilikuwa juu ya ukuta tangu gari lilipofika. Dongsik alikiweka kijiti juu ya udongo wa beseni. Alitazama nyumba, akatazama begi, akanitazama mimi ndani ya lile koti zito na jua linawaka.

"Mama," akasema. "Unataka kukaa wapi?"

"Hapa," nikasema.

Yeonju ndiye aliyelichukua begi. Alilirudisha ndani bila kumwangalia mtu, nikasikia anafungua kabati langu na kuanza kupanga nguo. Mimi nikavua koti, nikamkabidhi Dongsik mtini mkubwa.

"Huo upeleke karibu na bomba," nikamwambia. "Na usiuburute, unyanyue."